Hatua Themanini Kutoka Kisimani

Mtaa wa Kisimani,
Ngomeni.
14 Januari 1986

Kwa Bwana Dzombo Mramba,
Fundi Mkuu wa Mitambo, Kiwanda cha Chumvi, Marereni.

Baada ya salamu nyingi, nataraji u mzima wa afya pamoja na watu wa nyumbani kwako. Mimi ni Mahfudha binti Aboud, mamake Abdulhalim, yule kijana anayekuangalizia mashine katika kituo chenu cha pampu hapa Ngomeni. Hatujapata kuzungumza, ingawa kila Jumatatu nakuona ukishuka garini na kuingia ndani ya ua wenu wa seng'enge bila kututupia jicho.

Nakuandikia juu ya kisima. Alikichimbisha nyanya yangu akakiweka wakfu, na tangu mama afariki ufunguo wa kifuniko chake ni wangu. Rasi hii yote haina kisima kingine cha maji matamu. Mahali pengine popote ukichimba wapata maji ya chumvi. Watu mia tatu na zaidi wanywa hapo, msikiti watawadha hapo, na maiti wetu twawaosha kwa maji hayo.

Tangu Maulidi kupita, maji yananuka dizeli. Si kila saa. Bahari ikijaa harufu hupungua, ikipwa hurudi, na juu ya ndoo huonekana utando wenye rangi nyingi. Tangi lenu mlilolizika ardhini liko hatua themanini kutoka kisimani, nimezihesabu mwenyewe. Nakuomba kwa hisani uje ulitazame kabla watu hawajaugua.

Nasubiri jibu lako.

Mahfudha binti Aboud


Karakana, Kiwanda cha Chumvi,
Marereni.
20 Januari 1986

Kwa Mama Abdulhalim,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikitafuta neno ambalo fundi anaweza kulishika, sikuliona.

Tangi hilo nililizika mimi mwaka wa 1981. Ni la chuma, limepakwa lami nje, na nilisimama juu ya shimo mpaka likafukiwa. Kila siku saa moja asubuhi mwanao hufungua kifuniko, hutumbukiza kijiti cha kupimia mpaka chini, hutazama dizeli imelowesha mpaka wapi, kisha huandika kitabuni. Jumatatu nakikagua kitabu. Najua mashine inakula kiasi gani kwa saa, na kijiti kinashuka kwa kiasi hicho hicho. Tangi lingekuwa linavuja, kijiti kingeshuka zaidi. Hakishuki zaidi, basi tangi halivuji. Ndivyo ninavyoandika kila mwezi katika cheti kinachopelekwa kwa mkaguzi wa viwanda Mombasa, na jina langu liko chini yake. Miaka ishirini na miwili niko katika mitambo, sijatia sahihi uongo hata siku moja.

Hayo ya kujaa na kupwa yamenichekesha. Tangi lililofungwa halijui bahari iko wapi. Waulize wavuvi wenu wenye mashine za kufunga mashuani wanasuuzia wapi madebe yao. Na usisimame tena kwenye ua wa kituo ukihesabu hatua. Pale ni mahali pa kazi.

D. Mramba
Fundi Mkuu


Ngomeni,
2 Februari 1986

Bwana Dzombo,

Salamu nimeziacha, maana kwako hazikutoka.

Mashine za mashua hunywa petroli. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya baharia na nimeolewa na baharia, harufu ya petroli naijua na ya dizeli naijua, kama unavyojua wewe. Uliandika vile ukidhani mwanamke wa Ngomeni hatatofautisha. Umenidharau, na nimekasirika.

Ijumaa imamu alisimama akatangaza kwamba maji ya kisima yamegeuka harufu na ladha, hatutawadhi nayo tena mpaka yasafike. Sasa wazee wateremka pwani kutawadha kwa maji ya bahari. Jumanne alifariki jirani yangu Bi Zuleikha, niliyecheza naye tangu utotoni. Tulimwosha kwa maji ya boza, lile gari la maji la kiwanda chenu, baada ya mwanangu kumsihi dereva kwa nusu saa. Bi Zuleikha amekunywa maji ya nyanya yangu miaka sitini, akazikwa kwa hisani ya dereva wa boza. Hilo sitalisahau.

Sikungojei tena. Nimejaza chupa mbili, moja wakati wa kujaa na moja wakati wa kupwa, nimeziba vifuniko kwa nta, na nimezipeleka Mombasa kwa Bi Idah Musyoka, mkaguzi wa viwanda, pamoja na barua. Nimemwandikia jina lako na cheo chako kwa ukamilifu.

Mahfudha binti Aboud


Marereni,
11 Februari 1986

Mama Abdulhalim,

Bi Idah amepiga simu kiwandani. Bwana Thuku, meneja wetu, ameniita ofisini mbele ya makarani na kuniuliza kama ninaijua kazi yangu. Sijapata kuulizwa swali hilo tangu nilipokuwa mwanagenzi. Nilitoa vitabu vya miaka mitano nikaviweka mezani, na Bwana Thuku akaona kwa macho yake kwamba hesabu ya kijiti haina kasoro.

Wewe una pua, mimi nina vipimo. Ukitaka kushindana na mimi, leta vipimo.

Nimemwonya mwanao kwa maandishi, kwa sababu mambo ya kituo yanatoka nje kupitia mdomo wake. Ni kijana mzuri wa kazi na ana mke mwenye mimba. Angalia usimharibie riziki kwa sababu ya ndoo moja inayonuka.

Nikikukuta tena karibu na seng'enge nitamwita askari.

D. Mramba


Ngomeni,
5 Machi 1986

Dzombo,

Jana saa nne asubuhi polisi wamemchukua Abdulhalim mbele ya mkewe. Wamemfunga pingu, yeye ambaye hajapata hata kugombana dukani. Leo nimekwenda Malindi, nimeonana naye dakika tano. Yuko rumande mpaka hakimu asikilize kesi tarehe ishirini na nne.

Ameniambia yaliyotokea. Mashine kubwa imekufa kwa sababu imevuta maji badala ya dizeli, pampu yake ya dizeli na nozeli za kuipulizia zimekwisha, na katika tangi yamekutwa maji mengi chini. Na wewe umewaambia polisi kwamba mwanangu ameyatia kwa amri yangu, ili nilipize kisasi cha kisima.

Garini kutoka Malindi nilitaka nije Marereni nikutukane mbele ya watoto wako. Kisha nikafikiri. Sasa fikiri na wewe.

Kisima changu hupanda na kushuka pamoja na bahari. Kila mwanamke hapa ajua, twateka maji yanapopanda na twayaacha yanaposhuka. Maji yaliyo chini ya mchanga huu hayakai mahali pamoja. Tangi lako limelala ndani ya mchanga huo huo. Likiwa na tundu ubavuni, bahari ikijaa maji yaingia, bahari ikipwa dizeli yatoka. Dizeli yaelea, maji yakaa chini. Kijiti chako hupima urefu tu, hakikwambii kilicholowesha ni kitu gani. Nafasi ya kinachotoka hujazwa na kinachoingia, nawe miezi yote hii wasoma kitabu na kusema hapana kasoro.

Ulinitaka vipimo. Mashine imekufa, hapana anayekula dizeli. Tia kufuli katika kifuniko cha tangi, ufunguo ukae nao wewe. Jumatatu bamvua linaanza, bahari itajaa na kupwa kuliko siku zote. Kuanzia Jumanne pima saa tano asubuhi bahari ikiwa imepwa, upime tena saa kumi na moja jioni ikiwa imejaa. Siku tatu. Kijiti kikisoma pale pale, mimi nitakwenda kwa hakimu kwa miguu yangu niseme nilimtuma mwanangu, wanifunge mimi.

Mahfudha


Marereni,
8 Machi 1986

Mama Abdulhalim,

Siku nne sijalala vizuri. Mashine ile niliifunga kwa mikono yangu, na sasa imelala wazi, imetapika kutu. Mabwawa ya chumvi ya Ngomeni yamekauka kwa kukosa maji ya pampu, na watu arobaini wamesimamishwa kazi msimu ukiwa umepamba moto. Wengi wao ni watu wa kwetu waliotoka bara na watoto wao. Mbele yangu unaweka hadithi ya bahari inayopita ndani ya chuma.

Nitapima. Sipimi kwa ajili yako. Napima ili nipeleke karatasi kwa hakimu, na uitimize ahadi uliyoiandika. Barua yako nimeihifadhi.

Kufuli nimeshatia. Ufunguo nimeufunga kwa kamba, uko shingoni mwangu.

D. Mramba


Kiwanda cha Chumvi,
Ofisi ya Meneja, Marereni.
14 Machi 1986

Kwa Bi Mahfudha Aboud,

Nimeagizwa nikuarifu yafuatayo.

Bwana Thuku yuko tayari kuwaandikia polisi kwamba kiwanda hakina tena shauri na Abdulhalim, naye atarudi nyumbani kabla ya tarehe ya kesi. Kwa upande wako utatia sahihi karatasi iliyoambatanishwa na barua hii, itakayopelekwa kwa mkaguzi. Inasema kwamba wewe, mwangalizi wa kisima, umekichunguza upya, maji ni safi, na malalamiko yako ya mwezi wa pili yalitokana na makosa.

Dereva wa boza ataipitia karatasi hiyo Jumatatu adhuhuri.

D. Mramba
Fundi Mkuu


Ngomeni,
17 Machi 1986

Dzombo,

Siku tatu za bamvua zimepita, na barua yako haisemi kijiti kilisoma wapi. Kingesoma pale pale ungeniandikia kwa wino mwekundu. Umenyamaza, nami nimekuelewa. Unajua kwamba mwanangu hakufanya kitu, na unamwacha alale sakafuni Malindi.

Jana nilimpelekea chakula. Amekonda, ana kikohozi, na amekuwa akiniuliza jambo moja tu, kama mkewe amejifungua. Hajajifungua bado. Nilimwambia asijali, nikatoka nje nikalia mbele ya askari.

Nimetia sahihi. Dereva wako amesimama mlangoni nikiandika haya. Nimeandika kwamba kisima ni safi, mimi niliyekabidhiwa ufunguo na mama yangu akiwa mahututi. Nimesema uongo juu ya wakfu. Kuanzia leo watoto wa Ngomeni wakinywa sumu, wanainywa kwa sahihi yangu, na aliyenishika mkono nikaandika ni wewe.

Mwenyezi Mungu atatuuliza sote wawili.

Mahfudha binti Aboud


Marereni,
17 Machi 1986

Mama Abdulhalim,

Usitie sahihi karatasi ile. Kama dereva ameshafika, mfukuze. Nampa barua hii mtu anayekuja Ngomeni kununua samaki, nikitumaini atafika mapema.

Barua ya tarehe kumi na nne Bwana Thuku aliisema, mimi nikaandika. Nilikuwa nimeshapima. Nilikwenda kumwonyesha, akaniambia nichague kati ya karatasi yangu na kazi yangu, nami nikashika kalamu nikaandika alichotaka.

Vipimo ni hivi. Jumanne, bahari imepwa, sentimita sitini na moja. Imejaa, sitini na nne. Jumatano sitini na moja, kisha sitini na nne na nusu. Alhamisi sitini, kisha sitini na nne. Tangi lina kufuli, ufunguo uko shingoni mwangu, mashine imekufa, na mafuta yanapanda na kushuka kana kwamba kuna mtu humo anapumua. Alhamisi nilipaka kijitini ile dawa inayogeuka nyekundu ikigusa maji. Iligeuka mpaka karibu nusu ya kijiti. Dawa hiyo ninayo hapa kabatini miaka yote. Hatukuipeleka Ngomeni kwa sababu nilisema tangi ni jipya, halihitaji.

Mwanao alipima kama nilivyomfundisha. Kosa ni langu. Nimetia sahihi vyeti vya kila mwezi kwa miaka mitano na sijui ni vingapi kati ya hivyo ni vya uongo. Hilo linaniuma kuliko kitu chochote ulichoniandikia.

Vipimo hivi, pamoja na sahihi yangu, leo nimeviposta kwa Bi Idah na kwa hakimu wa Malindi. Bwana Thuku akisikia sina kazi. Usidhani nimekuwa rafiki yako. Ungekuja kwangu kwa heshima, mtu na fundi, pengine ningekusikiliza. Hapana, hilo nalo si kweli. Ulikuja kwa heshima mara ya kwanza, na nilikucheka.

Dzombo Mramba


Ngomeni,
6 Aprili 1986

Kwa Dzombo Mramba,

Mnunuzi wako wa samaki alilala Gongoni siku mbili kwa harusi ya mtu. Barua yako ilinifikia tarehe kumi na tisa. Karatasi yangu ilikuwa imeshafika Mombasa, na Abdulhalim alikuwa ameshafika nyumbani.

Nimesikia umefukuzwa na umerudi kwenu Ganze. Kwa hiyo hujui yaliyotokea, na mwanangu amesema ni haki yako kuyajua. Naandika kwa ajili yake.

Bi Idah Musyoka alikuja Jumatano, tarehe ishirini na sita Machi. Ni mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Bwana Thuku alifuatana naye, akasema fundi Dzombo ameachishwa kazi kwa uzembe na amezua vipimo ili kujikosha, na kwamba mwenye kisima mwenyewe ameandika maji ni safi. Bi Idah akatoa karatasi mbili katika mkoba, yako na yangu, akazitandaza juu ya ukingo wa kisima. Akaniuliza kama sahihi ile ni yangu. Nikasema ni yangu.

Basi akaomba ndoo. Bahari ilikuwa imepwa. Akateka mwenyewe, akamimina katika gilasi, akanipa. Akasema, "Mama, karibu unywe."

Abdulhalim alikuwa kando yangu. Mkewe alikuwa mlangoni na mtoto wa siku tisa. Bwana Thuku alikuwa akinitazama mimi kisha akimtazama mwanangu, na nilijua vizuri anachoniambia. Niliileta gilasi ile mpaka mdomoni. Nakwambia kweli, nilikuwa tayari kunywa. Ningekunywa yote na kusema ni matamu, na mwanangu angelala kwake.

Kisha niliona wanawake wamesimama na ndoo zao wakinitazama, wakingoja wajue kama watateka. Nikaiweka gilasi chini. Nikasema, "Sahihi ni yangu, lakini maji haya siyanywi, wala hatayanywa mtu hapa."

Bwana Thuku alipiga kelele kwamba kesi itafufuliwa siku ile ile. Bi Idah aliagiza tangi lifukuliwe mbele yake, na akalala kwangu siku mbili mpaka likatoka. Tundu liko ubavuni, sawasawa na kidole gumba. Pembeni yake lami imekwaruzwa mstari mrefu. Bi Idah anasema ni alama ya mnyororo, tangi liliumia siku ile ile lilipokuwa likishushwa shimoni, na kutu ikafanya kazi yake taratibu. Umeniandikia kwamba ulisimama juu ya shimo mpaka likafukiwa. Basi ulikuwa umesimama ukitazama.

Hakimu ameifuta kesi. Kiwanda kimeamriwa kuleta maji kwa boza kila siku, na kimeshakosa siku mbili. Kisima kimefungwa. Nilimwuliza Bi Idah mpaka lini, akasema mchanga umekunywa mafuta mengi, pengine miaka kumi, pengine zaidi. Mimi nina miaka sitini na mitatu. Nyumba sita zimeshahamia Malindi, watu ambao babu zao wamezikwa hapa, na kila moja ilikuja kuniaga kana kwamba mimi ndiye niliyewafukuza.

Abdulhalim anataka nikushukuru. Anasema ulipoteza kazi kwa ajili yake, na kwamba wewe ndiwe uliyemfundisha ufundi. Nimekataa. Ulichomrudishia ulikuwa umekichukua wewe, na ulichonichukulia mimi huna uwezo wa kukirudisha.

Lakini yeye ana moyo kunizidi, amesema ukipita Ngomeni mlango wake uko wazi, na nyumba ni yake. Sitamzuia. Njoo, utapewa kiti na utapewa wali. Maji ya kunywa njoo nayo mwenyewe.

Mahfudha binti Aboud